Macho ya Bibi Rusana

Plovdiv,
Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima

Kwako dada Zlatina,

Pokea salamu zangu huko Hispania. Magoti yanaendeleaje na ngazi za hoteli? Mama hajambo, ananung'unika tu kwamba hupigi simu. Mimi mwili ni mzima.

Uliniuliza kesi ya Velichko, mteja wangu, imeishaje. Tulishinda. Alishtakiwa kwamba alimgonga Dimo mchunga kondoo kwa gari, akamwacha afe mtaroni. Yeye alishikilia kuwa gari liliibwa siku ile. Shahidi pekee alikuwa Bibi Rusana, yuleyule aliyetulea mama akiwa kiwandani. Alieleza kwamba alisimama langoni pake, gari likapita hatua tano mbele yake, na aliyeshika usukani ni Velichko.

Nilimwomba, kwa adabu zote, atusomee saa ya ukutani, kule mwisho wa ukumbi. Akakunja uso, akashindwa. Watu wakacheka. Hakuna aliyekumbuka kuwa hatua tano si hatua thelathini, nami sikuwakumbusha.

Tangu hapo kijiji kizima kinamtania. Akipita mgahawani wanamwita, "Bibi, hebu tuambie, huyu ni padri au mbuzi?" Mwishowe naye ameamini kwamba macho yalimdanganya.

Jana, Jumapili ya Kusameheana, nilikwenda kwa mama kijijini. Bibi Rusana akaja na mkate wake wa jibini. Alikuwa ametoka kwa Velichko kumwomba radhi kwa kumsingizia, na Velichko kamsamehe, tena kamnywesha kahawa. Kwangu alikuja kuomba radhi eti kwa kunisumbua mahakamani. Mila yetu unaijua, mdogo ndiye hubusu mkono wa mkubwa. Yeye, na miaka themanini yake, aliinama akaubusu wangu. Nami nikamjibu kama tunavyojibu sote, kwamba Mungu amekwisha kumsamehe.

Dada, Velichko aliniambia yote siku ya kwanza, kabla hajakaa vizuri kitini. Kila mtu ana haki ya kutetewa, na siri ya mteja haitoki kwa wakili. Hayo nayaamini hata leo. Lakini nilipomwonyesha bibi ile saa, nilijua anasema kweli. Mkono huu ninaoandikia naona haya kuutazama. Tafadhali usinitetee.

Barua hii ikijulikana, uwakili wangu umekwisha. Usiichane. Ukija Pasaka mpelekee Bibi Rusana, maana mimi sina uso huo. Usimsomee. Mpe mkononi aisome mwenyewe. Kwa karibu anaona vizuri kuliko sisi sote.

Wabusu wanao.

Mdogo wako,
Yavor