Kijiti Ukingoni mwa Mto Parramatta

Shemeji Danieli mpendwa,

Amani iwe kwenu nyote huko nyumbani Ozi.

Leo, ukingoni mwa mto hapa Parramatta, huku ughaibuni, nilichomeka kijiti kwenye nyasi kama tufanyavyo nyumbani, ili kesho nione maji yamekula ardhi kiasi gani. Mjukuu wetu Neema akacheka: “Babu, mto huu umejengewa ukuta, hauli ardhi!” Ndipo ulipoingia ujumbe wako, kwamba mmemhamishia dada yako, marehemu mke wangu, kilimani kwenye kanisa kabla Mto Tana haujalifikia kaburi lake. Nililia hadharani, nikawaomba radhi wapita njia. Kisha nikala samaki na chipsi, nikamaliza hata za Neema.

Kijiti nimeking’oa. Mungu awabariki mliochimba. Tafadhali, niachieni nafasi kando yake.

Shemeji yako,
Yona