Baya wa Kambi, Uliyesema Bundi Ni Wako

Mwaka umezunguka, Baya, tangu wakuue mchana kweupe pale Mnarani, Agosti ya 1985, jua liko utosini na watu wamesimama kana kwamba wanatazama ngoma. Matangazo mengine ya kumbukumbu kama hili husema marehemu alitutoka, au alilala. Wewe hukututoka na wala hukulala. Ulipigwa mawe hadi ukafa, na waliokupiga walikuwa wameshakula kwako mara nyingi. Anayeshika kalamu kwa niaba ya jamaa zako ni dada yako Kahonzi, nawe waujua ulimi wake. Asiyependa kusikia na aligeuze gazeti, asome bei ya korosho.

Ulikuwa mchonga mawe. Ulishinda timboni tangu asubuhi, vumbi jeupe limekujaa mpaka kwenye kope, ukiyatukana mawe kama watu. "Toka, mwanaharamu we!" Kisha jiwe likitoka zima ulilipangusa kwa kiganja, ukaliita bwana harusi. Nyumba ngapi za Kilifi zimesimama kwa mikono yako! Hasira zako zilikuwa za moto wa makuti, kuwaka upesi na kuzimika upesi. Hukupita kwa mgonjwa bila kumpelekea sukari. Chai yako ulitaka iwe tamu kupita kiasi, na mkeo Kabibi mpaka leo hujisahau akaitia sukari hivyo hivyo, kisha akakaa nayo bila kuinywa.

Lile kinda lilianguka kutoka kwenye shimo la ukuta wa timbo. Kinda la bundi. Wenzako walitupa sululu wakarudi nyuma, na mmoja akaokota jiwe amalizane nalo. Binti yako Kadii alikuwa amekuletea chakula. Alilitupia leso yake, akalikumbatia, akawakodolea macho wanaume wazima. Hapa kwetu bundi huitwa pia babewatoto, eti akitua juu ya paa, mtoto mchanga wa nyumba ile hudhoofu akafa. Kila mtu alingoja umzabe Kadii kofi.

Ulicheka, Baya. "Watoto wa wenzangu hupenda mbuzi," ulisema. "Wangu kapenda bundi. Nifanyeje, nimrudishe dukani?"

Ukamjengea ndege yule kibanda cha vipande vya mawe, ukakiezeka makuti. Ukamshonea Kadii mkono wa gunia ili kucha zisimchane. Halafu ukaanza kuzunguka majumbani kuomba panya! Mtu mzima, kichwa kina mvi, ndoo mkononi: "Hodi wenyewe, mna panya leo?" Watoto wakakufuata wakikuimbia. Kabibi aliapa hatamgusa mdudu yule maisha yake, nawe ukamwambia, "Usimguse. Mpende mwanao tu, yatosha." Ndege mkamwita Karani, kwa sababu alisinzia mchana kutwa, na ukimwamsha alikutazama kama uliyemkosea adabu.

Kadii alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Lakini alipopiga mluzi na Karani akamjia mkononi, mgongo ulinyooka, kidevu kikapanda. Wewe uliliona hilo kabla yetu sote, ndiyo maana hukujali wanaokucheka.

Kisha mtoto wa Dena akafa. Dena, mwenzako wa timboni, mliyekula naye sahani moja miaka na miaka. Mtoto alishikwa na homa, akatapika, akaanza kukakamaa mwili. Ulimbeba wewe mwenyewe mkikimbilia hospitali, na roho ikamtoka njiani. Magharibi ya siku ya kabla yake Karani alikuwa ameonekana juu ya paa lao. Basi, ikawa ndiyo hiyo. Uchungu ule ulitaka mtu wa kuubeba.

Matanga hayajaisha, Dena akaingia uani kwako na panga, nyuma yake watu wamejaa hadi njiani. "Namtaka mwenye bundi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

Kadii akafungua kinywa ajibu. Ulimpiga kikumbo mpaka akaangukia kuni, ukasimama mbele yake.

"Bundi ni wangu," ulisema. "Nimemleta mimi, namlisha mimi. Mtoto huyu hajui lolote."

Wazee wakaamua ule papai. Wasioijua pwani yetu na waambiwe: mganga hulikata papai, akalinuizia maneno, na mshukiwa akalila mbele ya watu. Mwenye uchawi huvimba mdomo na uso. Asiye na hatia humeza akaenda zake, na hakuna wa kumgusa tena. Uliliamini papai, Baya, kama walivyoliamini wao. "Nitakula, nitameza, yataisha," ulituambia, na hukuwa na hofu hata chembe.

Lakini siku ya papai ulidamkia timboni kama kawaida, kwani wewe kukaa bure hukuweza. Kipande cha jiwe kikaruka, kikakupiga shavuni. Kadii ndiye aliyekukanda kwa maji ya chumvi.

"Baba, waombe wangoje hata kesho. Shavu hili litavimba."

"Nikingoja, watakutazama wewe," ulimjibu. Ukaosha damu, ukaenda.

Ulikula vipande vyote. Hukukohoa. Mganga mwenyewe alikuwa ameanza kufunga mkoba wake, nasi tumeanza kupumua. Mara shavu likafura mbele ya macho ya watu, jicho la upande ule likafumba. Kahonzi, mwenye kalamu hii, alipiga ukelele, "Ni jiwe! Jiwe la timboni lilimpiga, nendeni mkaulize!" Nani asikie? Mtu akasema, "Papai limemshika," na wa pili akalirudia, na wa tatu, mpaka uwanja mzima ukawa unalisema.

Dena alirusha la kwanza. Likakupata kifuani. Hukukimbia. "Dena, ndugu yangu," ulisema, "si nilimbeba mwanao?" Naye akainama kuokota jingine.

Kando ya uwanja palikuwa na rundo la mawe yaliyoletwa kwa ajili ya kujengea mtu nyumba, wewe ndiwe uliyeyachonga. Walitumia hayo. Walikuvunja meno. Walikuvunja mkono uliouinua kujikinga, tukausikia ukikatika. Ukapiga magoti, na jiwe likakupata kisogoni, na wenye rungu wakamaliza kazi waliyoianza wenye mawe. Walikupiga hata ulipokuwa hutikisiki tena. Mmoja wao alikuwa na shati ulilompa wewe mwaka wa njaa. Laana iwapate, na iwapate wajukuu wao!

Kadii alikuwa chini, mamake amemlalia na kumziba mdomo kwa viganja viwili. Mtoto alimng'ata mpaka damu ikatoka, apate kupiga kelele kwamba ndege ni wake. Kabibi hakuachia. Alijua kwamba akiachia watakuwa maiti wawili.

Wakatoka hapo wakaenda kuchoma kibanda, wakamkosa Karani, aliruka moto ukimbabua. Askari walipokuja kuuliza, ikawa siku ile kijiji kizima kilikuwa shambani. Mganga alikuwa safarini. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, na wewe umelala kwenye shuka huna uso.

Tulimwambia Kadii sote, tena kwa ukali: baba yako amekufa ili usitajwe, basi na wewe usijitaje. Alitii. Alirudi nyuma ya mlango wake. Akila ilikuwa kwa kulazimishwa, akiongea ilikuwa kwa kutikisa kichwa. Mvua za vuli zilipokatika Karani akarudi, amekonda, bawa moja limeungua, akatua juu ya ukuta wa kibanda. Kadii alimchungulia dirishani, akafunga dirisha.

Hapo, Baya, ungemwona mkeo! Alitega mtego kwenye mahindi, akaja ameshika panya kwa mkia, mkono kaunyoosha mbali, uso kaugeuzia ukutani. "Kadii!" aliita. "Mimi na mgeni wako huyu hatujuani. Njoo umlishe kabla sijatapika." Mtoto alitoka. Alipiga mluzi, wa kwanza haukutoka. Wa pili ukatoka. Karani alipotua mkononi mwake Kadii alilia, alikuwa hajalia tangu tukuzike, na Kabibi akalia naye.

Juzi tulikaa kuandika maneno haya. Kadii, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, akasimama mbele yetu.

"Shangazi, andika kwamba bundi alikuwa wangu."

"Una wazimu?" Kahonzi alimkaripia. "Dena yungali hai, na panga lake lingali na makali. Unataka tukuzike na wewe?"

"Wakipita kaburini kwake wanatema mate. Watoto wao wanamwita mchawi. Baba alisema uwongo kwa ajili yangu, na mimi nimenyamaza mwaka mzima." Kidevu kikapanda. "Naogopa, shangazi. Lakini andika."

Kahonzi akamgeukia Kabibi, akitaraji amkanye mwanawe. Kabibi alikuwa akichambua mchicha. Alimtazama Kadii kama vile wewe ulivyokuwa ukimtazama, kisha akarudi kwenye mchicha wake.

"Andika," alisema. "Wakija, watanikuta mimi mlangoni."

Basi tumeandika, na waliotenda wasome. Hukuwa mchawi, Baya. Hukuwa hata na bundi. Ulikuwa na mtoto, ukampenda yeye na kile alichokipenda, na kwa hilo wakakuua.

Hutatutoka moyoni, na sasa hata mdomoni hutatutoka. Wanaokukumbuka ni mkeo Kabibi, dada yako Kahonzi, ndugu zako wa Sabaki, majirani wachache wanaothubutu bado kutuamkia, na binti yako Kadii, mwenye bundi.