Mtoto Aliyekunja Mikeka ya Msiba

Msamala, Songea
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mpendwa dada yangu Devota,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo ulipo umeshaitikia, hata kama mtoto yuko kifuani. Shikamoo dada. Shemeji hajambo? Kajetani anaongezeka uzito? Na mshono wako, umeacha kuuma unapoinama? Usinijibu kwamba umepona kama hujapona. Hospitali iko hapo hapo Mbesa, usijifanye jasiri kama Mama. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu imekaza, asubuhi ukitoa pumzi unaona moshi, lakini mahindi tumeshavuna na Leticia hajakohoa hata siku moja.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nashindwa. Wiki iliyopita uliponipigia uliniuliza kwa nini Leticia haendi shule tangu zifunguliwe, nikakwambia mama mkwe kanikatalia. Ukakasirika, ukasema utakuja mwenyewe kumchukua, akae kwako na wanao mpaka mimi nitulie. Nikasema sawa, nikakata. Dada, mambo hayakuwa hivyo. Niache nikueleze tangu mwanzo, maana msiba ulitukuta wewe ukiwa umelazwa, na watu wamekusimulia kila mmoja kwa mdomo wake.

Unajua Leticia tulimpeleka kwenye ile chekechea ya Montessori ya masista mwaka jana, alipotimiza miaka mitatu. Marehemu Raphael hakuielewa. Siku ya wazazi alikwenda akakuta kila mtoto kakaa kwenye mkeka wake mdogo, huyu anamimina maharage kutoka jagi hili kwenda lile, yule anafunga na kufungua vifungo, mwingine anaosha vikombe, na mwalimu wala hapazi sauti. Alirudi nyumbani akicheka mpaka akakaa chini. Akasema mwanawe kapelekwa kusomea uhausigeli, na kwamba kama ni vikombe vichafu hata kwetu vipo, tena bure. Lakini Leticia alipoanza kujivalisha na kufunga viatu mwenyewe, baba yake akanyamaza. Mwalimu Careen alituambia vitu vya mtoto tuviweke mahali anapofikia. Raphael na useremala wake, unamjua, hakungoja kuambiwa mara mbili. Akatengeneza rafu ya vikombe ya chini, akapigilia misumari ya nguo usawa wa bega la mtoto, akamchongea na kiti. Nyumba nzima akaishusha. Wageni wakawa wanatutania kwamba hapa mwenye nyumba ni Leticia, sisi wapangaji.

Jirani yangu Halima, yule mwenyeji wa Tunduru anayeuza korosho za kukaanga, alimpeleka Abdul wake pale pale, siku ile ile. Kwake haikuwa hivyo. Abdul ni mtoto wa kelele, anataka kuimba, kukimbia, kushindana na wenzake. Kukaa kwenye mkeka wa peke yake aliona kama adhabu. Muhula mzima Halima hakuona daftari. Baba yake Abdul aliporudi kutoka kwenye mikorosho akamwambia mtoto amhesabie, basi mtoto akachota mchele jikoni akaanza kuupanga mafungu mafungu mezani. Mzee akauliza hii ni shule au mashine ya kukoboa. Wakamhamishia Inglish midiamu. Sasa anavaa tai, anarudi na kazi za nyumbani, na nikwambie ukweli, ana furaha. Akiimba kuku wanakimbia. Mimi na Halima tulikuwa tunabishana kila asubuhi kwa kucheka, yeye ananiita mama wa vikombe, mimi namwita mama wa tai. Ubishi wenyewe haukuwa na ubaya. Ulikuwa kama chai yetu.

Mwezi wa nne Raphael akaanguka kutoka kwenye paa la watu. Hayo unayajua, siyarudii.

Matanga yaliwekwa kwa wazazi wake, Mshangano. Kina mama tulilala ndani, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta. Siku ya kuzika watu wazima wote tukaenda makaburini, watoto wakabaki uani. Tuliporudi, bado tunanawa mikono nje, tukasikia shangazi yake Raphael anapiga ukunga mlangoni. Mikeka yote ilikuwa imekunjwa. Tena imekunjwa vizuri, ncha kwa ncha, imesimamishwa kwenye kona kama wanavyofanya shuleni, na Leticia amekaa kwenye sakafu tupu, mikono mapajani, anatusubiri.

Wewe unajua maana yake. Kwetu mkeka wa msiba haukunjwi mpaka wazee wakae, waanue matanga, na mkubwa wa ukoo aanze kukunja. Hapa mtoto wa marehemu kaufunga msiba wa baba yake, udongo wa kaburi haujakauka. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu anamwambia baba yake asirudi hata ndotoni. Mwingine akauliza ni shule gani hiyo inayofundisha watoto kufukuza waombolezaji. Mama mkwe alipiga magoti akaitandika upya, mmoja mmoja. Leticia akaenda akashika ncha ya pili ya mkeka ili amsaidie. Bibi yake akamnyang'anya.

Baada ya misa ya arobaini tukaitwa kikao. Baba mkubwa Amedeus, kaka yake Raphael, ndiye aliyekiongoza. Mama mkwe akasema anataka Leticia ahamie kwake Mshangano, aanze darasa la awali pale shule ya msingi, akae na watu, ale sinia moja na watu, kwa sababu shule ninayompeleka inamfundisha kuwa peke yake kama mchawi. Akaongeza kwamba hata jirani yangu alimtoa wake, na kwamba Halima mwenyewe alimwambia pale msibani kuwa kwenye shule ile mtoto anakaa kimya mpaka anasahau watu. Nikageuka kumtazama Halima, maana alikuwa amekuja kunisindikiza. Akainamisha kichwa. Akasema wallahi alisema hayo, lakini alikuwa anamsema Abdul, hakumsema Leticia, na kwamba shule haikumharibu mwanawe, haikumfaa tu. Nilijua hakukusudia ubaya. Hata hivyo maneno yaliniingia kama mwiba, na mpaka leo sijautoa.

Nikapiga magoti, nikaomba kusema. Nikawaambia Leticia kafundishwa kwamba mkeka ukiachwa na mwenyewe unakunjwa, ili anayekuja aukute vizuri. Aliona mikeka imeachwa. Nikawaambia siku ile kila mtu alikuwa na kazi yake: wanaume walichimba kaburi, mabinti walichota maji, shangazi alisimamia masufuria, baba mkubwa alipokea wageni. Mtoto wa marehemu peke yake ndiye hakupewa kazi yoyote kwenye msiba wa baba yake. Basi akajitafutia. Kama kuna kosa, ni letu tuliomsahau uani. Na mwanangu simtoi. Nitalala njaa, simtoi. Hapo sauti ilikuwa imepanda mpaka nikasahau kwamba niko magotini mbele ya wakwe.

Baba mkubwa Amedeus akavua kofia, akaivaa tena. Akasema mtoto atabaki kwa mama yake na atasoma alipokuwa anasoma, na asisikie tena mtu anamwita mtoto wa Raphael mchawi. Shangazi akaguna, lakini akaguna chini chini. Mama mkwe akaanza kulia. Hakuwa na hasira, dada, ndiyo maana ilikuwa vibaya zaidi. Akasema alitaka tu kitu cha Raphael cha kukaa nacho.

Kwa hiyo umeona. Hakuna aliyenikatalia. Kikao nilikishinda mimi. Tulipotoka nilimbeba Leticia mgongoni kwa furaha, na hatukufika hata barabarani akaniomba nimshushe, atembee mwenyewe.

Sasa nisikilize, na usinihukumu haraka. Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, aliyemzuia Leticia ni mimi.

Jumatatu ile aliamka, akavaa sare yake, akamimina uji wake, akanywa, akaosha kikombe, akasimama mlangoni kunisubiri. Mimi nilikuwa bado nimekaa kitandani na khanga. Nikaitazama nyumba. Nikajiuliza huyu akishatoka nitabaki na nani. Halima siku hizi asubuhi anawahi gari la shule la Abdul, na tukionana tunasalimiana haraka haraka, kila mmoja anamwonea mwenzake aibu. Chai nakunywa peke yangu. Na hata mtoto akirudi jioni, hanihitaji kwa lolote. Nikamwambia avue sare, ana kikohozi. Akaniambia hakohoi. Nikamwambia anakohoa.

Kesho yake nikavipandisha vikombe juu ya kabati. Nikang'oa misumari aliyopigilia baba yake. Kile kiti nikakisukuma uvunguni. Nilitaka aniite, dada. Nilitaka aseme Mama nivalishe, Mama nipe maji, kama watoto wa watu. Mwanzoni akawa anatafuta njia, anageuza ndoo anapanda. Ndoo nayo nikaiondoa. Watu walioniuliza kwa nini haendi shule niliwaambia wakwe, na wakanionea huruma, na huruma yenyewe nikaipokea. Hata wewe nilikwambia hivyo hivyo.

Basi mtoto akaacha kutafuta. Siku hizi akiamka anakaa kitandani na viatu mkononi, ananisubiri. Nikimlisha anafungua mdomo. Mama mkwe alikuja kutuletea maharage, akakuta namlisha, akafurahi sana, akasema sasa huyu ndiye mtoto. Nilitabasamu, lakini tonge lilinishinda mkononi.

Juzi mchana nilikuwa nje naanika nguo. Nilipochungulia ndani nikamwona amesimama chini ya kabati, anavitazama vikombe. Alikuwa na kiu. Hakuniita. Hakulia. Hakutafuta kitu cha kupandia. Alisimama tu, kisha akaenda akajilaza. Nikabaki nimeshika nguo mbichi mpaka mikono ikafa ganzi. Niliona nimefanikiwa kumfanya afanane na mimi.

Jana nimevishusha vikombe. Misumari nimeipigilia mwenyewe, mingine imekaa upande, nimejigonga hata kidole. Leticia alinitazama muda mrefu kabla ya kugusa chochote, kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya watu. Halafu nikaenda kwa Mwalimu Careen nikamweleza kwamba kikohozi hakikuwepo. Hakunigombeza. Akasema nimlete Jumatatu mapema, na nisiingie naye darasani, niagane naye mlangoni, kwa sababu safari hii anayetakiwa kuzoea ni mama. Nilikasirika kidogo alivyosema vile. Nikaona anasema kweli. Nitampeleka. Itakuwa vigumu kuliko kikao.

Mama mkwe naye nimempigia simu. Nimemwambia Jumamosi zote Leticia atakwenda kwake, wale sinia moja, walale pamoja, arudi Jumapili baada ya misa. Akauliza mtoto anapenda mboga gani. Halima bado sijamwendea. Nimefika mpaka kwenye mlango wake mara moja nikarudi. Nitaenda, ila niache niende kwa mwendo wangu.

Nisamehe kwa uongo, dada. Na naomba unielewe kwa hili ninalokwambia sasa: usije kumchukua Leticia. Najua ni kwa mapenzi, na wanao angecheza nao vizuri. Lakini yule anazoea upesi, na mimi naogopa kwamba angezoea. Mtoto wangu atakua hapa, kwangu.

Ila wewe njoo. Kama daktari ameruhusu na shemeji hatanuna, mfunge Kajetani mgongoni uje ukae hata siku chache. Usijisumbue kubeba chochote cha Leticia, anajiweza. Njoo kwa ajili yangu. Unisuke nywele, unigombeze nikikataa kula, unipikie uji nikiwa bado kitandani. Tangu tumzike Raphael hakuna mtu aliyenishika kichwa, na nimekuwa nikimsumbua mtoto wa miaka minne kwa sababu niliona haya kumwomba mtu mzima.

Shemeji mpe salamu zangu, na wanao wote kwa majina yao. Leticia anakuamkia, Mama mkubwa shikamoo. Hapa nilipo yuko mezani kwake, anamimina maji kwenye kikombe, amemwaga kidogo, anapangusa. Mimi nimeikalia mikono yangu nisimsaidie.

Mungu akulinde mpaka tuonane. Ukipanda gari nipigie, nitakuwa stendi kabla hujafika.

Mdogo wako akupendaye,
Lidwina