Muguu Ulioinuka Wenyewe

Baba Chadia na watoto,

Nimepanda pikipiki kwenda Kabambare, kumuona yule mujane aliyetuuzishia shamba pamoja na farasi. Mumupatie farasi majani na maji safi, muhogo mubichi hapana. ~~Musimufungue.~~ Mumufungue, lakini musisimame nyuma yake.

Asubuhi hii nilienda kumusafisha kwato. Juzi nilipojaribu alinipiga teke na mukacheka wote, hata wewe Baba Chadia. Leo nilimukuta ameinua muguu, umetulia hewani kama mutu anaushika. Udongo ulikuwa unatoka kwenye kwato kidogo kidogo, unaanguka chini. Mutu hakuna. Muguu ukashuka polepole, akainua mwingine.

Nikauliza, “Ni nani?” Farasi akageuza masikio, lakini si kwangu. Aliyageuza pembeni yake, pale pasipo mutu.

Sikukimbia. Nataka kumuuliza yule mujane kama marehemu bwana yake ndiye alikuwa anamutunza huyu farasi. Niliangalia mupaka muguu wa mwisho, na sasa najua namna ya kusafisha kwato: unaanza kisiginoni, unaenda mbele.

Mukiona muguu umeinuka tena, musipige kelele. Mumusalimie huyo anayeushika, halafu mujifunze.

Mama yenu