Panya Wanakunywa, Dada Ananyimwa

Shangazi mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla sijaharibu, maana nimebanwa kati ya kazi yangu na dada yangu. Mimi nahudumia panya wa utafiti maabara, wasio na ugonjwa wowote, tunawapa dawa ya saratani inayojulikana kuchosha moyo, halafu baadhi yao tunawanywesha maji ya majani fulani ya porini kuona kama yataukinga, na kweli mioyo ya waliokunywa imeonekana ina nafuu kuliko ya wenzao, tukafurahi sana, nami kwa kiherehere changu nikayasimulia nyumbani tukila, sikujua najipalia makaa. Dada yangu ni msusi, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na sasa ana saratani ya titi, anatundikiwa dripu ya dawa hiyohiyo, na picha ya mwisho ilionyesha moyo wake umeanza kuchoka kidogo. Juzi nilimkuta saluni kwake, amekaa kwenye kiti cha wateja, kitambaa kichwani, akaniambia bila kunitazama, "Panya wako unawapa, mimi niliyekulea unaninyima?" Nikamwambia, "Dada, wewe si panya." Akasema, "Afadhali ningekuwa." Nilitoka nje nikalia. Majani nimeshayachuma, yamo kwenye begi langu, na daktari wake hajui lolote kwa sababu dada anaogopa akitaja miti shamba atafokewa. Nimpe au nisimpe? Nikimnyima kisha nikampoteza, nitaishije?

Mdogo wake msusi

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote wawili.

Usimpe. Nawe unajua hivyo, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kubandika sufuria. Kosa lako ni kusimulia nusu. Ulimwambia kwamba panya wenu hawana saratani, mnawaangalia moyo tu? Ulimwambia kwamba kinachokinga moyo huenda kikaukinga uvimbe wa saratani pia, dawa ikapita bure? Binadamu anywe kiasi gani, hata ninyi hamjui bado. Habari njema ikikatwa katikati inakuwa mtego.

Nilimuuliza daktari mmoja wa saratani. Akanijibu, "Moyo uliochoka kidogo ukigundulika mapema, tuna la kufanya. Tunaweza kupunguza dawa, kuibadilisha, au kuongeza ya kuulinda moyo. Ila mgonjwa akinificha anachokunywa, natibu nimefumba macho."

Umesikia? Njia ipo, tena zaidi ya moja. Dada yako hahitaji kuchagua kati ya titi na moyo, anahitaji mtu wa kwenda naye. Utafiti wenu uendelee, nauombea ufike mbali, lakini yeye anatibiwa leo.

Kwa hiyo mpigie nesi wa kliniki yake kesho asubuhi awapangie kumwona daktari, msisubiri dripu nyingine. Ingia naye hadi ndani, usibaki kwenye benchi. Akishindwa kusema, sema wewe: moyo, majani, woga, vyote. Daktari akifoka, mwacheni afoke. Akimaliza, muulizeni, "Sasa moyo huu tunaulindaje?" Na msinyanyuke mpaka awajibu.