Ndege Niliyosema Nimeiona

Alhamisi jioni. Upepo umetulia, mimi bado.

Nimerusha ndege ndogo miaka kadhaa na sijawahi kuogopa hivi. Leo nusura nimuue Mama.

Nilikuwa namtoa Nakuru kwenda Nairobi kumwona mtoto wa dada yangu. Hajawahi kupanda ndege. Aliketi kando yangu, kikapu cha mayai ya kienyeji magotini. Tukiwa juu ya Ziwa Elementaita, mwongoza ndege akaniambia redioni kuna ndege nyingine "one o'clock", yaani mbele yangu, kulia kidogo, inakuja upande wetu, kimo chake angani hakijulikani. Yeye anatuona kama vidoa kwenye rada. Kuitafuta kwa macho ni kazi yangu.

Nikaangalia. Kitu cheupe kikametameta juani. Sikungoja hata kimetamete tena, nikajibu, "Traffic in sight," yaani ndege nimeiona.

Ukisema hivyo, anakuachia uikwepe mwenyewe. Akaniachia.

Walikuwa pelikani.

Kundi zima, wakizunguka polepole kwenye hewa ya joto, wakigeuka mabawa yanang'aa. Nimekulia kule, ndege hawa wa ziwani nawajua! Nilipowatambua, ndege yenyewe ilikuwa imeshatokea nyuma yao, usawa wetu kabisa. Nikasukuma pua ya ndege yetu chini kwa nguvu. Ikatupita juu, upande wa Mama, karibu sana hadi nikaona matope kwenye magurudumu.

Mama akapiga yowe, kisha akacheka na kupunga mkono.

"Ai, Shiru! Mwenzako amekuja kutusalimia, na wewe hata humpungii?"

Nikamwambia nilikuwa nimeshika usukani.

Tulipotua, rubani wa ile ndege akanitafuta kwa simu. Yeye pia alikuwa amesema ameniona. Pelikani walewale. Hakuna kati yetu aliyetaka kukata simu.

Sasa Mama yuko sebuleni na mjukuu mapajani, anapigia watu wa kwetu Subukia simu akisifu adabu ya marubani. Jumapili anataka nimrudishe kwa ndege.

Ripoti ya kazini nimeshaandika, na hiyo ilikuwa rahisi. Kesho, akishakunywa chai, nitakaa naye nimwambie yule hakuja kutusalimia.

Hakutuona, Mama. Na mimi pia sikumwona.