Rangi ya Mlango Wetu kwenye Bampa Lililopauka

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Penina Sila Mazengo. Umri: miaka 43. Kabila: Mgogo. Dini: Mkristo. Kazi: kuosha na kung'arisha magari. Makazi: Nkuhungu, Dodoma.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza mbele ya Koplo Editha kama ifuatavyo:

Mnamo tarehe 3/8/2025 jioni, mume wangu Joshua aligongwa na gari huko Mkonze akirudi kwa baiskeli kutoka shamba letu la zabibu. Gari halikusimama. Hospitali walimkata mguu wa kulia. Baiskeli yake mnayo hapa kituoni. Madigadi, yale mabati ya juu ya matairi, ni ya njano. Niliyapaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki tulipopaka mlango wetu.

Leo tarehe 19/8/2025, saa mbili asubuhi, alikuja kazini kwangu mwanamume anaitwa Stanley, na gari jeupe. Alitaka plastiki nyeusi za bampa zake zirudishiwe weusi, maana jua lilishazipausha zikawa rangi ya majivu. Kazi hiyo naifanya kwa blowa, ile mashine ya hewa ya moto. Ukiipitisha taratibu, plastiki inarudisha weusi wake na mikwaruzo inayeyuka na kupotea.

Nilipoinama kwenye bampa la mbele, kushoto, niliona mkwaruzo na ndani yake rangi ya njano. Mlango wangu naufungua kila siku, siwezi kuikosea rangi yake. Nilimuuliza, "Hapa uligonga nini, kaka?" Akajibu, "Punda tu, huko Mkonze. Kajitupa barabarani mwenyewe. Hapo pachome sana, dada, pasionekane kitu."

Afande, blowa ilikuwa mkononi na imeshashika moto. Nilitamani kumpitishia usoni. Koplo ameniuliza kama kweli nataka hilo liandikwe. Nimesema aliandike.

Niliizima. Nilimwambia Stanley blowa imeungua, nitampaka mafuta ya alizeti, matokeo ni yaleyale. Huo ni uongo. Mafuta ya kula hayarudishi kitu, yanafunika tu. Ukipitisha sabuni, kila kitu kiko palepale. Wageni wa kazi hii ndio wanaodanganyika nayo. Nilipaka kwa kugusagusa na kitambaa, sikusugua, ili rangi yetu isibanduke. Bampa likang'aa. Akajitazama humo akacheka, akasema, "Dada, una mkono." Nilimwambia asilioshe wiki nzima, mafuta yapate kuzama. Akanishukuru sana.

Alipoondoka nilipanda bodaboda nikaja kwenu na namba za gari kichwani. Mmemkamata leo hii hii na gari liko hapo nje, bado linang'aa.

Nimemsikia hapo kaunta akiapa kwamba bampa lake halijawahi kugusa mtu wala baiskeli. Mwacheni aape. Amelia pia kwamba ana watoto. Joshua naye ana watoto, na wanambeba baba yao kumpeleka chooni. Simuonei huruma hata kidogo.

Ninaloomba ni moja. Msimpe askari kazi ya kuliosha bampa hilo. Niachieni mimi, kwa ndoo na sabuni, naye asimamishwe karibu aone punda wake akitokea.

Niliyoyasema ni hayo, na mahakamani nitayarudia akiwa mbele yangu.

Sahihi: P. S. Mazengo

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi na kusaini mbele yangu. Ombi lake limekubaliwa. Mpiga picha ameitwa. Ndoo amekuja nayo mwenyewe.
Koplo Editha